Balozi ni wa chama, mtaa ni wa wote

Mkazi wa Kihesa, Iringa, au Uyole, Mbeya, akigombana na jirani, mara nyingi huanzia kwa balozi wa nyumba kumi. TANU, chama kilichoitangulia CCM, iliunda mashina ya nyumba kumi wanayoongoza mabalozi miaka ya 1960 ili yapandishe sauti ya wananchi na kushusha maagizo ya serikali. Maagizo yalishuka vizuri zaidi. Mwaka 1992 vyama vingi vilirudi, lakini balozi amebaki kiongozi wa CCM. Hatumlaumu, ndiye anayejua nani amefiwa na nani mgeni. Ila asiye na kadi ya chama aende wapi?

Chombo cha wote kipo: mkutano wa mtaa, na vijijini mkutano mkuu wa kijiji, ambao kila mkazi mwenye miaka 18 au zaidi ni mjumbe wake. Katika uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 27, 2024, CCM ilitwaa zaidi ya asilimia 98 ya viti vya wenyeviti wanaoiongoza mikutano hiyo, huku wapinzani wakilalamikia wagombea wao kuenguliwa. Wenyeviti hao wana deni. Waitishe mikutano, wasome mapato na matumizi hadharani, na anayewapinga apewe nafasi ya kusema.