Watu 400 Walioelezwa Yote

Tarehe 21 Novemba 2021 Mutahi Kagwe, aliyekuwa Waziri wa Afya, aliwapa Wakenya mwezi mmoja. Kuanzia tarehe 21 Desemba, asiyekuwa na cheti cha chanjo ya korona angezuiwa kuhudumiwa katika ofisi za serikali, kusafiri kwa magari ya umma na kuingia hotelini au mkahawani. Katika mji kama Malindi, hapa Kilifi, ambako mpishi, dereva wa tuktuk, mchonga vinyago na muuza samaki wote wanaitegemea hoteli kwa namna moja au nyingine, amri hiyo iligusa sufuria ya kila nyumba. Mahakama Kuu iliisimamisha wiki moja kabla haijaanza kutumika. Amri ilipotangazwa, waliokamilisha chanjo hawakufika mmoja katika kila watu wazima 10 nchini, na lawama zote zikamwagiwa raia: hawajasoma, wanaamini porojo za WhatsApp. Ilisahauliwa kwamba kwa miezi mingi chanjo yenyewe haikuwapo. Shehena ya kwanza, dozi zaidi ya milioni moja za AstraZeneca, ilitua Nairobi tarehe 3 Machi 2021. Muda si mrefu India, iliyokuwa ikizitengeneza, ikazuia kuzisafirisha nje kwa kuelemewa na wagonjwa wake, na waliodungwa dozi ya kwanza wakabaki wakiisubiri ya pili. Hata hivyo, chanjo zilipopatikana kwa wingi baadaye, wengi bado hawakwenda. Hilo linahitaji maelezo.

Jibu langu halitawapendeza wataalamu wala wapinzani wa chanjo: watu walipewa nusu ya habari, na nusu waliyonyimwa ndiyo iliyohusu madhara. Kwamba nusu hiyo inaelezeka tunajua, kwa sababu ilielezwa hapa hapa Kilifi. Mwishoni mwa Oktoba 2020, kituo cha utafiti cha KEMRI-Wellcome Trust, ambacho kimekuwapo Kilifi tangu 1989, kilianza majaribio ya chanjo ya Oxford na AstraZeneca yakiongozwa na Dkt. George Warimwe. Walianza wahudumu wa afya 40, kisha wakaongezwa wakazi wa Kilifi na Mombasa hadi wakatimia 400. Kanuni za utafiti haziruhusu mtu adungwe kabla hajaelezwa, kwa lugha anayoielewa, chanjo ni kitu gani, itamfanya nini mwilini, inaweza kumdhuru vipi, na kwamba anaweza kujitoa wakati wowote. Miezi minne baadaye chanjo ileile ilipofunguliwa kwa umma, maelezo yote hayo yalikunjwa yakawa neno moja: salama.

Kilichokunjwa wala si kigumu. Virusi vya korona vina miiba ya protini vinayoitumia kujishikiza kwenye seli na kuziingia. Watengenezaji wa AstraZeneca walichukua virusi vinavyowapa sokwe mafua, wakaviondolea uwezo wa kuzaliana, wakapachika humo maagizo ya kutengeneza mwiba huo. Pfizer na Moderna wao walifunga maagizo hayo, yanayoitwa mRNA, ndani ya vitone vidogo mno vya mafuta. Kwa njia zote mbili seli za mwili huyasoma maagizo na kutengeneza miiba kwa muda mfupi, kisha kinga ikaitambua kuwa ni kitu kigeni, ikazalisha kingamwili na kuacha seli za kumbukumbu. Hakuna korona ndani ya sindano, na vinasaba vya aliyedungwa havibadiliki. Kingamwili hupungua baada ya miezi, na virusi navyo hubadili miiba yao. Ndiyo maana aina ya Omikroni ilipozuka mwishoni mwa 2021 iliwaambukiza hata waliochanjwa. Kumbukumbu ya kinga hudumu zaidi, na hiyo ndiyo inayomwepusha mtu na kitanda cha oksijeni. Aliyeahidiwa kwamba hataambukizwa kamwe alikuwa na haki ya kuhisi amedanganywa. Aliyeambiwa mapema kwamba kazi kubwa ya chanjo ni kuzuia ugonjwa mkali hakuwa na la kushangaa.

Madhara nayo yana ngazi mbili, na kuzichanganya ndiko kulikozaa hofu. Kuna ya kawaida: mkono kuuma, homa, kutetemeka kwa baridi, kuumwa kichwa, uchovu wa siku moja au mbili. Mvuvi wa Mayungu au mama wa Ganze ambaye hakuambiwa hilo, akiamka usiku anatetemeka, atafikia uamuzi wake mwenyewe, na kufikia adhuhuri kijiji kizima kitakuwa nao. Halafu kuna yaliyo nadra lakini mazito. Machi 2021, mamilioni ya watu Ulaya walipokwisha kudungwa AstraZeneca, madaktari waliona damu ikiganda kwa namna isiyo ya kawaida, hasa kwa watu wenye umri mdogo. Makadirio yalikuwa takriban mtu mmoja katika kila 50,000 hadi 100,000, na baadhi yao walikufa. Denmark iliacha kabisa kuitumia. Pfizer na Moderna zilihusishwa na uvimbe wa misuli ya moyo, hasa kwa vijana wa kiume baada ya dozi ya pili, ingawa wengi walipona. Majaribio ya Kilifi yasingeweza kuligundua tatizo la damu hata yangefanywa kwa uangalifu wa namna gani, kwa kuwa watu 400 ni wachache mno kufichua kinachompata mmoja katika 100,000. Watafiti waliripoti kwamba chanjo ilivumilika vizuri na kinga iliyopatikana ilifanana na ya kwingineko. Walisema kweli, kwa kadiri watu 400 wanavyoweza kuonyesha.

Wapo watakaouliza: ukiwatajia watu damu kuganda, nani atakuja kliniki? Hoja ina uzito, lakini inadhani kwamba serikali ikinyamaza habari haitafika. Ilifika, kwa simu, na aliyeisimulia hakutaja mmoja katika 100,000. Alisema wote waliochanjwa watakufa baada ya miaka miwili, au watakuwa tasa. Na hesabu ya kweli si ya kumshinda mtu anayepiga bei ya samaki kila asubuhi. Sensa ya 2019 ilihesabu watu takriban milioni 1.45 katika Kaunti ya Kilifi. Kama wote wangedungwa AstraZeneca, kwa makadirio yale dhara hilo lingewapata watu kati ya 15 na 30. Hao ni binadamu, hakuna sababu ya kujifanya ni sifuri. Upande wa pili wa mizani kuna ugonjwa ambao wenyewe hugandisha damu, na hufanya hivyo kwa watu wengi zaidi kuliko sindano. Mtu akiwekewa pande zote mbili mbele yake anaweza kupima. Akiwekewa mmoja tu, ataushuku hata huo.

Pingamizi la pili lina mizizi mirefu zaidi Pwani: kwamba Mwafrika anafanywa panya wa maabara. Uvumi kwamba watu wa KEMRI wanachukua damu kwa nia mbaya ulikuwapo Kilifi miaka mingi kabla ya korona. Na Aprili 2020 daktari mmoja na mtafiti mmoja wa Ufaransa walipojadili kwenye televisheni kufanyia Afrika majaribio ya chanjo ya BCG dhidi ya korona, matamshi ambayo mkuu wa Shirika la Afya Duniani aliyaita ya kibaguzi, walimpa kila mwenye shaka ushahidi wa bure. Lakini tuangalie tarehe. Chanjo ya Oxford ilianza kujaribiwa kwa Waingereza Aprili 2020, ikafuata Afrika Kusini na Brazil mwezi Juni. Kilifi iliingia miezi sita baada ya Uingereza. Bila kushiriki, tungechanjwa kwa kutegemea miili ya watu wengine tu.

Pingamizi gumu kuliko yote ni kwamba korona haikutuua kama ilivyowaua Waitaliano, basi chanjo ya nini? Hapa wenye shaka wana sehemu ya haki. Wanasayansi wa Kilifi walipopima damu ya wachangiaji nchini, waliokuwa na kingamwili za korona walikuwa asilimia 4.3 katikati ya 2020, na asilimia 48.5 kufikia miezi ya kwanza ya 2021. Virusi vilikwisha pita kwa karibu nusu ya wachangiaji, ilhali vifo vilivyorekodiwa rasmi Kenya, hata kufikia mwisho wa janga, vilikuwa zaidi kidogo ya 5,600. Hata tukikubali kwamba vingine havikuhesabiwa, kijana wa miaka 20 mwenye afya alikuwa na faida ndogo ya kupata sindanoni, na mzee mwenye sukari au presha alikuwa na faida kubwa. Amri ya Desemba iliwatia wote wawili kapu moja. Hilo lilikuwa kosa la sera, wala halifanyi chanjo yenyewe kuwa mbaya.

Kinyume cha amri hiyo kipo hapa hapa. Chanjo dhidi ya bakteria aitwaye Hib, iliyoingizwa Kenya 2001, ilipunguza ugonjwa anaouleta kwa asilimia 88 miongoni mwa watoto wa Kilifi katika miaka mitatu. Ile ya nimonia iliyokuja 2011 ilipunguza maradhi makali ya aina za bakteria inazozilenga kwa asilimia 92 kwa walio chini ya miaka mitano. Akina mama hawakutishwa kufungiwa mlango wa ofisi ili wapeleke watoto. Waliona watoto wakipona.

Serikali ya Kaunti ya Kilifi haihitaji kusubiri janga lijalo. Kila zahanati, kutoka Mtwapa hadi Marafa, iwe na maelezo kwa Kiswahili na Kigiriama ya madhara ya kawaida na ya nadra ya kila chanjo inayotolewa hapo, na mhudumu ayasome kwa sauti kabla hajachomoa sindano. Anayedhurika aelekezwe jinsi taarifa yake itakavyofika Bodi ya Dawa na Sumu, na ajibiwe. Mpango wa COVAX ulikuwa na mfuko wa kuwafidia waliodhurika vibaya katika nchi 92, Kenya ikiwemo. Mtaje hata jirani mmoja aliyewahi kuambiwa kwamba mfuko huo ulikuwapo.