Karatasi za familia: ukitoka, utarudi na nini?

Mwezi uliopita tulizungumza juu ya vyeti vya shule. Mwezi huu maswali karibu yote ni ya safari, na mengi yanafanana na hili la mama mmoja wa hapa Musaga:

"Mama yangu mzazi anaumwa sana kule Uvira. Mimi niko na karte ya mkimbizi na watoto wanne kwenye dosie. Watu wananiambia nikivuka tu mpaka, HCR watafuta jina langu. Wengine wananiambia niende kimya, nirudi kimya, hakuna atakayejua. Nifanye je?"

Mama, pole sana. Tuanze na ile hofu kubwa. Hakuna sheria inayosema kwamba mkimbizi akikanyaga nchi yake siku moja, ukimbizi wake umekwisha siku ile ile. Mkataba wa Geneva wa 1951, ambao Burundi iliuingia 1963, unataja sababu za ukimbizi kwisha katika kifungu cha 1, sehemu C. Mbili kati yake zinatuhusu sisi: mtu aliyejirudisha kwa hiari yake chini ya ulinzi wa serikali ya nchi yake, na mtu aliyerudi kukaa kule alikokimbia. Neno ni kukaa. Na kile kitabu cha HCR cha kuongoza maofisa, kilichotolewa mara ya kwanza 1979, kinasema kwamba kwenda kumwona mzazi mzee au mgonjwa si sawa na kwenda kila mara kwa mapumziko au kwa biashara. Walioandika kitabu kile walijua kwamba mkimbizi naye ana mama.

Basi mbona watu wanapata shida? Ni kwa sababu ofisa haangalii miguu yako tu, anaangalia karatasi uliyotembea nayo. Anajiuliza mambo matatu: ulikwenda kwa hiari? Ulikuwa na nia ya kujiweka tena chini ya serikali yako? Na serikali ile ilikupa kweli ulinzi wake? Kitabu kile kinasema mtu anayeomba na kupewa pasipoti ya nchi yake anahesabiwa kuwa anataka ulinzi wa nchi ile, mpaka yeye mwenyewe aonyeshe kwamba sivyo. Munaona uzito wake. Siyo ofisa tena anayetafuta ushahidi, ni wewe.

Sasa fikirini juu ya lesepase ya CEPGL. Jumuia ile ya Burundi, Rwanda na Kongo ilianzishwa 1976, na lesepase yake ni kitu cha kawaida kwa wachuuzi wa huku kwetu. Ni rahisi kuliko pasipoti, ndiyo maana vijana wengi wanaichukua bila kufikiri. Lakini anayekupa ni serikali ya nchi yako, na anakupa kama raia wake. Ukiwa mkimbizi wa Kongo na ndani ya mfuko uko na lesepase mpya ya Kongo, siku ya mahojiano utaulizwa, na jibu la "ilikuwa rahisi tu" halitakusaidia sana.

Wengine wanasema Kongo imeingia Jumuia ya Afrika Mashariki tangu 2022, kwa hiyo mambo ya mipaka yamekwisha. Ndugu zangu, ile faida ni ya raia anayesafiri kama raia. Ukipita kwenye mlango wa raia mwaka mzima, usishangae biro ikikuuliza kwa nini bado unashika ufunguo wa mlango wa mkimbizi.

Turudi kwa swali la mama. Karte ya mkimbizi siyo karatasi ya kusafiria nje ya nchi. Inaonyesha wewe ni nani ndani ya Burundi, basi. Iko karatasi nyingine, ile ya safari ya mkimbizi inayotajwa katika kifungu cha 28 cha Mkataba, yenye mistari miwili kwenye kona ya jalada. Nayo haitolewi kwa kwenda nchi uliyoikimbia. Kwa hiyo kwa Uvira hauko na njia ya mkato yenye usalama, na anayekuambia "nenda kimya" hafikirii siku ya kurudi. Siku ya kwenda hakuna anayekuzuia sana. Ni siku ya kurudi, pale Gatumba, jua limeshuka na pochi iko na karte tu, ndipo utaulizwa ulitokea wapi.

Mimi ningeanza na upande mwingine. Mama yako si mkimbizi. Yeye ni raia wa Kongo, anaweza kuvuka kwa karatasi zake mwenyewe na kuja kutibiwa hapa Bujumbura, kama watu wa Uvira walivyofanya miaka na miaka. Kutoka Uvira mpaka hapa hata kilomita 30 hazifiki. Kama mwili wake unaweza kubeba safari na kama mpaka uko wazi siku hiyo, hiyo ni njia isiyogusa dosie yako hata kidogo. Uliza habari za mpaka kwanza, kwa sababu vita vya 2025, vilivyofika mpaka ndani ya Uvira mwezi wa Desemba, vilitufundisha kwamba barabara ya asubuhi siyo ya jioni.

Kama hawezi kusafiri, basi nenda ONPRA na kwa watu wa HCR wanaoshughulika na ulinzi kabla ya kutoka, siyo baadaye. Beba ushahidi wowote: karatasi ya hospitali, hata picha yake kwenye simu. Eleza unakwenda kwa nani, kwa sababu gani, siku ngapi. Watakuambia hatari ziko wapi, na maneno yako yataandikwa. Dosie yenye maelezo ya mapema inasomwa vizuri kuliko dosie yenye uvumi wa jirani. Na uvumi wa jirani utafika, wa Musaga tunajuana. Kitu kimoja tena: watoto wabaki. Familia nzima ikivuka na vyombo, hakuna atakayeamini kwamba ulikwenda kutazama mgonjwa.

Wale mnaofikiria kurudi moja kwa moja lakini hamna hakika, ulizeni kwanza kama HCR wana safari za kwenda kuona na kurudi. Zikiwepo, mtu anakwenda kuangalia shamba na usalama kwa utaratibu, kisha anaamua. Mtu hafutwi kwa sababu alikwenda kuangalia katika safari ya namna hiyo.

Na kama ulikwenda, risasi zikaanza, ukakimbia tena? Mwezi wa Februari 2025 maelfu ya watu walivuka mto Rusizi, wengi bila muhuri wowote. Kifungu cha 31 cha Mkataba kinakataza kumwadhibu mtu aliyeingia bila ruhusa akitoka moja kwa moja mahali pa hatari, lakini kina sharti: ajitokeze haraka mbele ya wakubwa na kueleza. Haraka maana yake siyo baada ya miezi mitatu ya kulala kwa shemeji.

Sasa neno kwa nyumba zilizochanganyika. Hapa kwetu ziko nyingi ambamo bwana ni mchuuzi mwenye pasipoti ya Kongo na visa ya kukaa Burundi, na bibi ni mkimbizi. Kila mmoja ana mlango wake. Bwana anashughulika na watu wa uhamiaji, wale ambao wengi bado tunawaita PAFE. Yeye aangalie mambo mawili kwenye visa: tarehe ya mwisho, na mara ngapi anaruhusiwa kuingia. Visa ya kuingia mara moja inakufa siku unapopigiwa muhuri wa kutoka, hata kama tarehe yake bado iko mbele. Wengi wanasoma tarehe tu. Na kama inakaribia kwisha, airefushe kabla ya safari. Bibi naye asipande kwenye karatasi za bwana leo, kesho akarudi kwenye za ukimbizi. Mtu mmoja, mlango mmoja.

Kwa anayesafiri kwenda nchi nyingine, tuseme Nairobi kwa masomo au harusi, ile karatasi ya mkimbizi ya kifungu cha 28 iko na faida ambayo wengi hawajui. Nchi iliyoitoa inalazimika kukupokea tena wakati wowote kabla tarehe yake haijapita. Serikali inaweza kufupisha muda wa kurudi katika hali za pekee, lakini siyo chini ya miezi mitatu. Visa ya nchi unayokwenda ni jambo lingine, unaiomba kwao. Usikubali karatasi ikufie ugenini ukitumaini kwamba ubalozi utaisaidia. Mkataba unaruhusu ubalozi uliopewa mamlaka kuirefusha miezi 6 tu, basi.

Tuingie nyumbani kidogo. Kujulisha mahali unapokaa hakuanzii mpakani, kunaanzia kwa nyumbakumi. Hapa Bujumbura muko na kaye ya menaje, ile daftari ambamo kila anayelala ndani ameandikwa. Sisi wa Musaga tangu misukosuko ya 2015 tunajua vizuri maana ya kugongewa mlango alfajiri na kuambiwa "leteni kaye". Mgeni kutoka kambini aje na ruhusa yake ya kutoka, na umwandike usiku ule ule, siyo "kesho nitampitia shefu". Kijana wa Bwagiriza akikutwa bila ruhusa na bila jina kwenye kaye, mnapata shida wawili: yeye na mwenye nyumba. Akirudi, jina lifungwe. Na ninyi wa kambini, msiache siku za kuhesabiwa zipite mkiwa huku. Mashine ya vidole haijui kwamba ulikuwa kwenye harusi. Asiyejitokeza, dosie yake inaweza kusimamishwa. Inaweza kufunguliwa tena, ndiyo, lakini kwa maelezo na kwa kungoja.

Tena msihamie karibu na mpaka. Burundi ilipoingia Mkataba iliweka sharti kwenye kifungu cha 26: mkimbizi asichague makao katika eneo linalopakana na nchi yake. Mkataba wa Afrika wa 1969 nao unataka wakimbizi wakae mbali na mpaka kwa usalama. Najua bei ya nyumba kule chini ni nafuu na mihogo ya nyumbani iko karibu. Lakini tarehe 13 Agosti 2004 watu zaidi ya 150 waliuawa pale Gatumba, kilomita chache tu kutoka Kongo, na wengine wenu mnaosoma hapa mlikuwa ndani ya mahema yale. Sharti hili si ubishi wa maofisa tu.

Jambo ninaloliona kila wiki, na linaniumiza: namba ya simu. Siku hizi namba ndiyo anwani. Mtu anahama kutoka Musaga kwenda Kinama, simu inaibiwa, ananunua laini mpya, na kwenye dosie namba ni ile ya zamani. Anaitwa kwa mahojiano mara mbili, simu haipatikani. Tangu Marekani iliposimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi Januari 2025, wengi walikata tamaa wakasema dosie imekufa, hakuna haja ya kupoteza tiketi ya basi kwenda kubadilisha namba. Mimi naona ni kinyume. Wakati wa kungoja ndio wakati wa kuweka karatasi sawa: namba, mahali, mtoto aliyezaliwa, mzee aliyefariki. Mlango ukifunguliwa, watakaopita kwanza ni wale ambao majina yao yanasomeka.

Na watoto wenu walioko ng'ambo, waambieni hivi kwenye simu, kwa sababu wanatuuliza sisi badala ya kuuliza kule. Familia nyingi za manusura wa Gatumba zilianza kupelekwa Marekani kuanzia 2007, na wapya walifuata. Kule, asiye raia akihama nyumba anatakiwa kujulisha uhamiaji ndani ya siku 10. Hata kama amehama mtaa tu. Mkimbizi anayetaka kuja kuwaona anaomba karatasi ya safari kabla ya kutoka. Ile inadumu mwaka mmoja, na asipange tiketi kabla haijafika mkononi. Na akija, muonane hapa Bujumbura au Nairobi. Bibi asimvute mpaka Uvira kwa ajili ya picha na ukoo.

Maswali yenu muyape wawakilishi wa kambi, au myalete hapa Musaga. Mwezi ujao tutajibu juu ya mtoto aliyezaliwa mjini na baba akiwa kambini: anaandikwa wapi, na kwenye dosie ya nani. Wenye jambo kama hilo leteni kopi ya cheti cha kuzaliwa, siyo karatasi yenyewe.