Nakala Ndizo Zilizomwokoa Wang Xizhi

Katika karne ya 4, kusini mwa Uchina, ofisa mmoja alimpelekea mwenzake machenza 300. Aliambatanisha kijikaratasi cha herufi 12 kumweleza kwamba jalidi haijaanguka, hivyo mengine hayapatikani kwa sasa. Machenza yaliliwa yakaisha. Kijikaratasi kinatunzwa hadi leo katika Makumbusho ya Taifa ya Kasri, Taipei, isipokuwa karatasi iliyopo si ile iliyosafiri na machenza. Ni nakala iliyofanywa zaidi ya miaka 200 baadaye, enzi ya nasaba ya Tang. Mwenye barua ni Wang Xizhi, ambaye Wachina humwita mtakatifu wa mwandiko, na kazi zake nyingine nazo ziko hivyohivyo: hakuna hata karatasi moja iliyobaki ambayo wataalamu wamekubaliana kwamba brashi yake mwenyewe iliigusa. Wapo wanaoona hiki ni kichekesho, bingwa wa mabingwa asiye na kazi hata moja mkononi. Mimi naona tumezoea kuipa karatasi ya kwanza heshima isiyoistahili. Sifa za Wang zimefika kwetu kwa mikono ya wanakili, na kazi yao haipaswi kutazamwa kama makombo tunayoyavumilia kwa kuwa pilau imekwisha.

Chukua kazi ya Wang iliyovuma kuliko zote. Mwaka 353, siku ya 3 ya mwezi wa 3 kwa kalenda ya Kichina, Wang aliwakusanya watu zaidi ya 40 Lanting, karibu na mji unaoitwa leo Shaoxing. Vikombe vya mvinyo viliachwa vielee kijitoni. Kikombe kikikwama mbele ya mtu, atunge shairi, akishindwa anywe. Yakapatikana mashairi 37, naye Wang akayaandikia dibaji ya herufi 324 katika mistari 28. Mashairi yenyewe, tuseme ukweli, leo yana wasomaji wachache. Dibaji ndiyo iliyobaki vinywani, kwa maneno yake juu ya furaha isiyodumu na zaidi kwa mwandiko: herufi moja ndogo, isomwayo zhi, inarudi kama mara 20, na kila ijapo ina umbo jingine. Karne tatu baadaye akatokea mfalme Taizong wa Tang, aliyetawala kuanzia 626 hadi 649, akazikusanya kazi za Wang kwa pupa na hata kumwandikia sifa kwa mkono wake katika historia rasmi ya nasaba ya Jin. Masimulizi yanasema alimtuma ofisa aliyejigeuza msomi fukara akamlaghai mtawa mzee aliyekuwa ameificha dibaji, na kwamba mfalme alipofariki akazikwa nayo. Kama ndivyo, aliyeipenda karatasi ile kuliko watu wote ndiye aliyeipoteza. Walioiokoa ni makarani wa ikulu, ambao mapema walikuwa wameamriwa kuinakili ili wagawiwe wana wa mfalme na wakuu wa dola.

Walifanyaje? Karatasi nyembamba iliwekwa juu ya ile ya asili, kingo za kila herufi zikafuatwa kwa mistari myembamba kama unywele, kisha ndani pakajazwa wino kidogo kidogo. Atakayesema huko ni kuchora, si kuandika, hajakosea. Mwandiko huu hupendwa kwa mwendo wake, na mtu anayejaza wino kwa saa nzima hana mwendo huo. Lakini itazame nakala iitwayo Shenlong, iliyoko Makumbusho ya Kasri, Beijing. Pale nywele za brashi zilipoachana, nakala inaonyesha zilivyoachana. Pale neno lilipoandikwa juu ya neno, sahihisho liko palepale. Herufi mbili za mwaka katika mstari wa kwanza zimebanana, kana kwamba nafasi iliachwa ikajazwa baadaye. Karani aliyetaka kumpamba bwana wake angesafisha haya yote. Huyu aliheshimu hata madoa.

Pingamizi zito lilitoka kwa Guo Moruo mwaka 1965. Msomi huyo alidai kwamba dibaji nzima ni ya kughushi, kwa sababu mawe ya makaburi ya zama za Wang yaliyofukuliwa karibu na Nanjing yana herufi nzito za mtindo wa kale, zisizofanana na wepesi wa dibaji. Msomi mwingine, Gao Ershi, alimpinga hadharani, nami niko upande wa Gao. Jiwe la kaburi huchongwa kwa patasi na kwa taadhima. Kulilinganisha na rasimu ya mtu aliyekwisha kunywa ni kama kulinganisha kibao cha wizara na daftari la madeni la mwenye duka. Tena karatasi za karne hiyohiyo, zilizopatikana katika magofu ya Loulan jangwani, zinaonyesha kwamba watu walikwisha kuandika kwa mtindo wa haraka. Hata hivyo shaka moja inabaki: mwandishi Liu Xiaobiao, aliyefariki 521, ananukuu maneno ya dibaji yakiwa mafupi kuliko tuliyonayo. Hilo silipuuzi. Ila ni shaka juu ya kazi moja, wala haiigusi barua ya machenza.

Wengine watasema umaarufu huu ni amri ya wafalme tu. Kwa sehemu ni kweli. Kabla ya Taizong walikuwapo waliomweka Wang Xianzhi, mwanawe, juu ya baba. Lakini mfalme Qianlong, aliyetawala miaka 60 katika karne ya 18, anatuonyesha upande mwingine. Aliamini kwamba barua moja ya herufi 28 kuhusu theluji ni ya mkono wa Wang mwenyewe, akaizungushia maandishi yake zaidi ya mara 70 (adabu ya kuacha nafasi tupu hakuwa nayo). Leo inahesabiwa kuwa nakala. Kuhusu karatasi alikosea. Kuhusu uzuri alioutazama uzeeni mwake, sioni alikosea wapi. Na wafalme hawakuwafundisha watoto kuandika. Mtawa Huairen alizikusanya herufi za Wang moja moja, zikachongwa katika bamba la jiwe lililosimamishwa mwaka 672, ambalo sasa liko Xi'an. Kwa karatasi yenye unyevu iliyobandikwa juu ya jiwe na kugongwagongwa wino, mwanafunzi asiyeweza kuukaribia mlango wa ikulu alipata mwalimu wa kumfuatisha nyumbani.

Nakala ya Shenlong hutajwa kuwa ya Feng Chengsu, karani wa ikulu ya Taizong. Jina hilo nalo halikutoka kwa aliyeishika brashi. Lilibandikwa na wakusanyaji wa karne za baadaye, waliotaka kila kazi iwe na mwenyewe. Karani mwenyewe alijaza wino, akafuata hata makosa, na hakutia sahihi.