Mgongo wa Bei Rahisi

Vijana wenzangu tuliosoma tuna hofu ya kuazima: kwamba roboti zenye akili mnemba zinakuja kutunyang'anya kazi. Hofu hiyo imezaliwa katika nchi ambako kumlipa mtu ni ghali kuliko kununua mashine. Ikolo, wilayani Kyela, mambo ni kinyume. Masika bonde likijaa maji, mpunga hutoka shambani kichwani na mgongoni, kisha kwa baiskeli, na hakuna mhandisi anayekesha akiunda roboti ya kuubeba. Akeshe kwa nini? Mgongo upo, tena bei rahisi.

Roboti hupelekwa penye fedha, hata kama kazi ya kuvunja mgongo iko kwingine. Katika mgodi wa Kibali, kaskazini mashariki mwa Kongo, mashine za kupakia mawe ya dhahabu hujiendesha mita zaidi ya 700 chini ya ardhi, na mwendeshaji mmoja aliyekaa juu anaweza kusimamia hadi tano kwa pamoja. Dhahabu imelipia teknolojia hiyo. Mchele wa Kyela, unaosifiwa hadi Dar es Salaam kwa harufu yake, haujamlipia mbebaji hata toroli la maana.

Tazama lumbesa. Sheria ya vipimo inataka gunia la mazao lisizidi kilo 100, na bado magunia yanajazwa kupita mdomo na kushonwa kwa kamba. Tukiipinga lumbesa tunamlilia mkulima aliyepunjwa, na ni haki yake. Lakini kuna mtu chini ya gunia hilo. Mkulima hupunjwa siku ya kuuza. Kuli hupunjwa kila anapoinama.

Wapo watakaosema: mashine ikija, kuli atakula nini? Swali zuri, ingawa mara nyingi huulizwa na wasiobeba. Jibu lake ni umiliki. Wakulima wa kakao Kyela huuza mnadani kupitia AMCOS na stakabadhi ghalani, kwa hiyo ushirika si jambo geni kule. Wabebaji nao waungane, wakopeshwe, mashine iwe yao: leo toroli la injini na mkanda wa kupandishia magunia, kesho roboti.

Ikija kwa mwenye ghala peke yake, itawafukuza. Isipokuja kabisa, watabeba mpaka wavunjike. Sisi tunaobishana kuhusu akili mnemba kwenye simu tuulize ni kazi gani hatukupaswa kumwachia binadamu mpaka leo, na nani atashika funguo za mashine.