Mvamizi Ameondoka, Dhulma Je?

Ndugu Waislamu, tulifurahi majeshi ya Marekani yalipoondoka Kabul tarehe 30 Agosti 2021, baada ya miaka 20 ya uvamizi. Lakini furaha isitupofushe.

Jina Afghanistan ni la Kifarsi, yaani nchi ya Waafghani. Hapo kale Waafghani waliotajwa ni Wapashtuni peke yao; ilhali Watajiki, Wahazara na Wauzbeki nao ni wenye nchi. Warusi walipotoka mwaka 1989, na serikali waliyoiacha ikaanguka mwaka 1992, makundi ya mujahidina yaligeuziana bunduki. Kabul ikabomolewa kwa mikono ya Waislamu wenyewe. Je, tumesahau?

Tunasema wazi: kumfukuza mvamizi siko kusimamisha uadilifu. Wasichana wamefungiwa sekondari tangu 2021, na vyuo vikuu tangu Desemba 2022, hali kutafuta elimu ni faradhi. Dini iliyoamrisha shura haikumpa mtu wala kabila umma kuwa milki yake. Jina hilo likiwakusanya wote kwa haki, nchi itasimama. Likibaki la wachache, mgeni atapata tena mlango wa kuingilia.

Mwenyezi Mungu awaongoze, nasi pia. Amin.