Wana-Ihanja, Tusitume Picha ya Jedwali Peke Yake

Ndugu zangu wa Ihanja, kila miezi mitatu tunatakiwa kisheria kukaa mkutano mkuu wa kijiji, na mapato na matumizi husomwa pale. Siku hizi taarifa hiyo haiishii kwenye ubao wa matangazo. Ikishasainiwa na kugongwa muhuri, mtu anaipiga picha, anaitupia kwenye grupu la kijiji, na kila mwenye simu anaikuza kwa vidole aone ni mifuko mingapi ya saruji imenunuliwa. Jirani yetu asiyeona naye yumo kwenye grupu hilo. Simu yake ina kisoma skrini, programu inayomtamkia kila kinachoandikwa: salamu, tangazo la msiba, bei ya alizeti. Ikifika kwenye fedha za kijiji inatamka "picha", basi, inaendelea na ujumbe unaofuata.

Ninachoomba ni tukubaliane kwamba jedwali lolote linalotuhusu wote halitumwi kama picha tu. Picha yenye muhuri iende, na faili lenyewe liende pamoja nayo.

Chanzo cha tatizo ni huo muhuri. Tunauamini, na tuna sababu. Lakini taarifa ile ilipochapwa steshenari ilikuwa maandishi kamili, yanayoweza kusomwa kwa sauti. Ikachapishwa, ikagongwa muhuri, ikapigwa picha, na faili likabaki kwenye flashi mpaka likafutwa. Anayetaka uthibitisho aangalie picha, na anayesoma kwa masikio apate faili. Gharama yake ni bando kidogo sana.

Faili nalo lina masharti, na hapa naongea na vijana wetu wanaochapa. Tuseme ushuru wa soko umeingiza 120,000, halafu ikanunuliwa saruji ya 72,000. Wapo wanaopanga safu kwa kubonyeza kitufe cha nafasi mpaka tarakimu zikae sawasawa. Kwa macho inapendeza. Kisoma skrini kinasoma kutoka kushoto kwenda kulia, na nafasi tupu hakizitamki. Msikilizaji anachopata ni hiki: "Ushuru wa soko 120,000 120,000. Saruji mifuko 4 72,000 48,000." Ile 120,000 ya pili ni matumizi au ni salio? Hizo 72,000 zimeingia au zimetoka? Kwenye mistari miwili mtu atabahatisha. Kwenye mistari arobaini atanyamaza, nasi tutasema hana swali.

Jedwali likiundwa kama jedwali, habari ni nyingine. Kwenye kompyuta kuna NVDA, programu iliyoanzishwa mwaka 2006 na Michael Curran wa Australia, ambaye mwenyewe haoni, pamoja na mwenzake James Teh, asiyeona pia. Ni ya bure, na sauti ya Kiswahili imo, ingawa ni sauti kavu ya mashine. Ikikutana na jedwali inataja kwanza lina mistari mingapi na safu ngapi. Msomaji anashikilia Ctrl na Alt, anatembea kwa vitufe vya mishale kisanduku hadi kisanduku. Akienda kulia anasikia "Matumizi, 72,000", akisogea tena, "Salio, 48,000". Akitaka anashuka na safu ya matumizi peke yake mpaka chini, kazi ambayo wengi wetu tunaoona tunaifanya kwa rula.

Ili vichwa hivyo vitamkwe, mchapaji aiambie kompyuta kwamba mstari wa kwanza ndio kichwa cha jedwali. Kuukoleza wino hakutoshi. Visanduku visiunganishwe ovyo, maana "Robo ya kwanza" ikitandazwa juu ya miezi mitatu, hesabu ya safu inavurugika. Pasipo na fedha paandikwe 0. Na deni lisionyeshwe kwa rangi nyekundu tu, kwa kuwa rangi haitamkwi. Kwa wenye simu ndogo ambazo faili linazisumbua, taarifa fupi iandikwe kwenye ujumbe wenyewe, kila mstari ukijitegemea: "Saruji mifuko 4, matumizi 72,000, salio 48,000."

Najua yupo atakayeuliza: kwani Ihanja wasioona ni wangapi, na si wana wajukuu wa kuwasomea? Mjukuu anasoma, ndiyo. Lakini anayesomewa hupata kile msomaji alichoamua kukisoma, na kumrudisha mtoto mstari wa 14 mara ya tatu kunataka moyo. Tena kuna majedwali ambayo si ya mjukuu kuyaona. Matokeo ya mtihani ni jedwali. Marejesho ya mkopo ni jedwali. Katika ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo kila halmashauri inatakiwa kuitenga kwa mikopo, asilimia 2 ni ya vikundi vya watu wenye ulemavu. Orodha ya wanufaika hao ikisambazwa kwa picha, wa kwanza kushindwa kuisoma ni baadhi ya wale wale iliyowaandika.

Tanzania iliridhia Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ikapitishwa mwaka 2010. Haki ya kupata taarifa imo humo, kwa hiyo hatuombi fadhila. Na wilayani kwetu Ikungi kuna Shule ya Msingi Ikungi Mchanganyiko, wanakosoma watoto wasioona pamoja na wenzao. Watoto hao watakuwa wakubwa, watapiga kura, watauliza fedha za kijiji zilikwenda wapi.

Sasa kila mtu ashike lake. Ninyi walimu wetu wa kompyuta, mfundisheni mwanafunzi kuunda jedwali kabla ya kumfundisha kulipamba. Wenye steshenari, msifute faili la ofisi ya kijiji mpaka limetumwa. Viongozi wa chama cha ushirika, AMCOS, na wa vikoba, anzeni na leja zenu, maana hizo hazingoji kibali cha mtu. Nasi wengine kwenye grupu, picha ya jedwali ikiingia peke yake, tujibu kwa adabu: "Ahsante mtendaji, tunaomba na faili." Akiomba mmoja ataonekana msumbufu, kwa hiyo tuombe wengi.

Kisha tulipeleke jambo hili kwenye mkutano mkuu ujao liwe azimio la kijiji. Mtendaji wa kijiji apewe ajenda hii mapema, kabla tangazo la mkutano halijabandikwa. Tukiiacha iingie kwenye mengineyo, itasomwa watu wakiwa wamekwisha kushika baiskeli zao.