Ukulele ya Bei Rahisi Iko Sawa, Ila Pambo Lenye Nyuzi Ni Wizi

Wasee, tuambiane ukweli. Kuna mtu anasoma hii saa hii na ana ukulele juu ya kabati inakula vumbi. Alijinyima, akanunua, akafanya mazoezi wiki mbili, ikatoa kelele tu. Akajiambia hana kipaji. Buda, uliuziwa pambo.

Na msinielewe vibaya, bei rahisi si dhambi. Wajuaji wa vyombo ndio wananiboesha, ati kama huna doh ya mbao nzima, usianze. Wacheni hizo. Ukulele ilitokana na kigitaa kinaitwa machete, ambacho Wareno wa kisiwa cha Madeira walifika nacho Hawaii mwaka wa 1879, wakienda kufanya kazi kwa mashamba ya miwa. Hiki ni chombo cha vibarua tangu mwanzo! Ukulele ya plaiwudi inatosha kabisa kuanza nayo, na hata inavumilia joto na unyevu kuliko ya mbao nzima.

Beef yangu ni na wauzaji. Rangi kali, picha safi, begi ya bure, lakini hakuna anayekuambia kama noti ziko sahihi. Kwani tunanunua begi?

Kabla utoe pesa, fanya hivi. Kaza nyuzi zifike G, C, E, A ukitumia programu ya simu, za bure ziko. Piga uzi wa C ukiwa wazi. Sasa bonyeza freti ya 12, piga tena. Hapo ni katikati ya uzi, kwa hivyo lazima upate C ile ile, ila ya juu. Simu ikionyesha imepitiliza sana ama haijafika, rudisha hiyo kitu kwa meza. Rudia kwa nyuzi zote nne.

Halafu bonyeza freti ya kwanza. Ukitumia nguvu za kufungua chupa ya soda kwa meno, nyuzi ziko juu sana. Vidole vitaumia na noti itapanda. Pitisha mkono kando ya shingo pia, freti zisikukwaruze.

Nyuzi mpya za nailoni kulegea siku za kwanza ni kawaida, kaza tu. Lakini kigingi kikijirudisha chenyewe kila ukikikaza, achana nayo.

Unanunua mtandaoni? Itisha video ya freti ya 12. Muuzaji akianza hadithi, umepata jibu.

Najua kuna mtu atakuja na "rahisi ni ghali." Sawa, lakini freti kuwekwa mahali pake ni hesabu, si anasa. Freti iliyokaa vizuri haili mbao zaidi ya ile iliyokosewa. Kwa hivyo usikubali kuambiwa ati kwa hiyo bei utarajie takataka.

Mnaona nachemka bure, ni kanyuzi nne tu? Wengi wetu chombo pekee tulichoshika shuleni ni filimbi ya plastiki. Ukulele ndio mlango wa bei tunayoweza. Mtoto wa mtaa akipewa mbovu, hatalaumu duka, atajilaumu yeye, na muziki wake utaishia hapo.

Leo shusha yako kwa kabati, pima freti ya 12, uniambie kwa comments imesema nini.